Kabla Kirikuu Haijafika: Kupunguza Vitu Unapohamia Nyumba Ndogo

Nyumba niliyoihama Tabata ilikuwa na vyumba vinne, stoo, na ua wenye banda la kupikia kwa mkaa. Niliyohamia ina vyumba viwili, iko ghorofa ya tatu, na kibaraza chake kinatosha kamba ya nguo tu. Nilihama kwa Canter tatu. Mzigo wa Canter mbili kati ya hizo haukupaswa kupakiwa kabisa: niliulipia nauli, nikawalipa vijana wa kuupandisha ngazi, na ndani ya miezi miwili nikawalipa tena kuushusha. Kabati la mninga la milango sita, tulilochongesha Keko mwaka tuliooana, halikukata kona ya ngazi. Lilikaa koridoni siku nne, majirani wakipita kiubavu, hadi fundi alipokuja na msumeno. Mbao zake zilikwenda kwa bei ya kuni.

Ndiyo maana nakuandikia wewe ambaye bado hujapakia. Huenda unakaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma, na nyumba ya kazini inatakiwa kurudishwa. Huenda watoto wameondoka mmoja mmoja, na sasa unalipa kodi ya vyumba ambavyo kazi yake ni kufagiliwa tu. Huenda umemaliza nyumba yako Chanika au Kigamboni, vyumba viwili na sebule, na unataka kuingia humo ukiwa na nafasi ya kupumua. Vyovyote iwavyo, kazi hii haianzi na maboksi. Inaanza na swali ambalo mimi nilichelewa kujiuliza: kitu hiki ni cha nani?

Nilipokuja kuhesabu, nilikuta sahani 52. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, binti yangu wa mwisho na mjukuu. Stoo ilikuwa na viti vya plastiki 24, sufuria tatu za kupikia pilau la msiba, na magodoro manne yaliyosimamishwa ukutani. Chumba cha uani kilijaa madaftari ya kijana wangu ambaye siku hizi anafanya kazi Mwanza. Kabatini zilining'inia koti za marehemu baba yao. Ukiondoa vya wageni, vya shughuli, vya watoto walioondoka na vya marehemu, vitu vyetu sisi tuliolala humo vingetosha kirikuu mbili. Nyumba kubwa hutunza vitu vya watu wasiolala humo, na inaweza, kwa sababu ina nafasi. Nyumba ndogo haiwezi. Kwa hiyo usipange vitu vyako kwa chumba wala kwa bei. Vipange kwa wenyewe.

Pima nyumba mpya kwanza

Kabla hujagusa hata kijiko, nenda kwenye nyumba unayohamia ukiwa na futi ya fundi, kalamu na daftari. Pima urefu na upana wa kila chumba. Pima upana wa kila mlango. Mlango wa chumba mara nyingi huwa na futi tatu hivi, wa jikoni na wa chooni hupungua. Kama ni ghorofa, pima ngazi na hasa kona zake, kwa sababu kitu kirefu hupita ngazi iliyonyooka na kukwama kwenye kona. Andika soketi ziko upande gani. Friji itakaa penye soketi hata kama hupapendi, na tivii vilevile. Angalia dirisha linaanzia kimo gani, usije ukaliziba kwa kabati na kulala kwenye giza na joto.

Sasa fanya hesabu ukiwa bado nyumbani. Chukua chumba cha kulala cha futi 10 kwa 10, ambacho ni cha kawaida sana kwenye nyumba za kupanga. Eneo lake ni futi za mraba 100. Kitanda cha 6 kwa 6 kinakula 36, na fremu yake inaongeza kidogo. Ukikisogeza mpaka ukutani, unabaki na ujia wa futi nne tu. Kabati la nguo lenye kina cha futi mbili likiingia, ujia unakuwa futi mbili, na milango yake ikifunguka inagonga kitanda. Hapo ndipo unapoelewa kwamba unahitaji ama kitanda cha 5 kwa 6, ama kabati la milango ya kusukuma, ama vyote viwili.

Sebuleni hesabu ni kali zaidi. Tuseme sebule mpya ni futi 10 kwa 12, yaani futi za mraba 120. Seti ya makochi ya watu saba, ile ambayo wengi wetu tunayo, ina kochi la watu watatu lenye futi 7 kwa 3, la wawili lenye futi 5 kwa 3, na mawili ya mtu mmoja mmoja yenye futi 3 kwa 3 kila moja. Jumla ni futi 54. Ongeza meza ya kati ya futi 4 kwa 2, na kabati la tivii la futi 5 kwa 1 na nusu. Umeshafika karibu futi 70 kati ya 120, na mlango bado haujapata pa kufungukia. Mimi nimejiwekea kipimo kwamba fanicha isizidi nusu ya sakafu. Kochi la watatu, kochi moja la mtu mmoja na kabati la tivii vinachukua chini ya futi 38, na mtoto anabaki na mahali pa kutandika mkeka.

Kama hesabu za daftarini hazikuridhishi, chukua majivu au chaki, uchore uani ukubwa halisi wa sebule mpya, mlango wake na dirisha lake. Beba makochi yako uyaingize ndani ya mistari hiyo. Waite wa nyumbani waje wakae, wainuke, wapishane. Kwa dakika kumi utajua kipi kinabaki, na hakuna atakayebishana na wewe, kwa sababu wote wameona kwa macho yao. Laiti ningefanya hivyo, kabati lile la mninga ningeliuza likiwa zima.

Vya wageni, vya shughuli

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo miongozo mingi ya kupunguza vitu haitufai. Inamwambia mtu atupe asichokitumia kila wiki. Sisi hatuishi hivyo. Nyumba ya Dar es Salaam ni kituo cha ndugu wa mkoani: huyu amekuja Muhimbili kwa matibabu, yule anafuatilia cheti, mwingine mtoto wake amepangiwa shule huku. Kumwambia mama mdogo aliyesafiri usiku kucha kwenye basi kwamba nyumba yako haina godoro ni aibu ambayo hutaimaliza kwa maelezo.

Basi usimfute mgeni. Mpunguze idadi. Bakiza godoro moja jembamba la futi 3 kwa 6, shuka mbili, mto, chandarua kimoja na taulo safi moja. Vifunge pamoja kwenye shuka kuukuu, vikae juu ya kabati au uvunguni mwa kitanda. Mgeni atalala sebuleni, na hakuna ubaya. Magodoro mengine matatu yatoe. Halafu fanya kitu ambacho kwetu ni kigumu kuliko kubeba friji: wapigie simu ndugu, au waandikie kwenye kundi la ukoo, useme mapema na kwa heshima kwamba umehamia vyumba viwili, karibuni sana, ila tupeane taarifa ili wasigongane wageni wawili kwa wakati mmoja. Mtu mzima akiambiwa kabla haoni kwamba amefukuzwa. Akiambiwa akiwa mlangoni na begi, ataumia, na ana haki ya kuumia.

Vyombo vya wageni ni habari nyingine. Lile kabati la vioo la sebuleni, lenye seti ya vikombe vya maua, hotpoti za saizi tatu na glasi zilizopangwa kama dukani, wengi tumelitunza miaka 20 tukilifungua siku za sikukuu tu. Ushauri wangu ni huu, na najua utauma: vyombo vya kabatini viwe ndivyo vyombo vya kila siku. Toa sahani za plastiki zilizopauka na vikombe visivyo na mikono ambavyo mmekuwa mkitumia, kisha kula kwenye sahani nzuri. Kwa watu watatu, sahani kumi, vikombe kumi, glasi sita, mabakuli manane na hotpoti mbili zinatosha hata wageni wakija saba. Jikoni bakiza sufuria nne zinazoingiliana, kikaango, chapatio, birika, chupa ya chai moja iliyo nzima, mbuzi ya kukunia nazi na ungo kama kweli unavitumia. Kinu na mchi ghorofani ni ugomvi na jirani wa chini. Mpe mwenye ua. Jiko la mkaa vilevile, maana kwenye nyumba iliyofungwa moshi na hewa ya mkaa huua.

Vya shughuli, vyote viondoke. Nasema vyote: sufuria kubwa, masinia, majamvi, viti vya plastiki, madumu kumi ya lita 20, pipa la lita 200. Siku hizi karibu kila mtaa una mtu anayekodisha viti, turubai, sufuria na majiko yake, na huleta mpaka mlangoni. Lakini usiviuze kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kupita. Kama uko kwenye kikundi cha kufa na kuzikana, jumuiya ya kanisani, au kina mama wa msikitini, peleka huko, na upeleke mbele ya watu ili ijulikane vimetoka wapi. Sufuria zangu tatu ziko kwa kina mama wa mtaa nilioutoka. Kaka yangu alipofariki mwaka uliofuata, zilikuja zenyewe, zikiwa na wapishi.

Niseme pia kuhusu sare. Mwanamke wa mjini mwenye miaka hamsini na kitu ana vitenge vya sare za harusi, za kipaimara, za maulidi, za arobaini, vingine vimevaliwa mara moja na kamwe havitavaliwa tena. Khanga ambazo hazijakatwa ni mali: doti nzima ni zawadi tayari ya mzazi au ya msiba, na hazili nafasi. Bakiza hizo. Gauni za sare zilizoshonwa kwa kipimo chako cha miaka kumi iliyopita zitoe zote, isipokuwa ile ya harusi ya mwanao kama roho inakataa.

Vya watoto, na vya marehemu

Watoto walioondoka wanaigeuza nyumba ya mama kuwa stoo yao, na mama anaona fahari kuvitunza. Wapigie picha vitu vyao, uwatumie kila mmoja vya kwake, na ujumbe ulio wazi: mwanangu, vitu vyako hivi hapa, gari linakuja tarehe 28, kisichochukuliwa hadi tarehe 20 nitakigawa. Tarehe 20 ikifika, fanya ulichosema. Kijana wangu aliomba kitu kimoja tu, jezi ya mpira ya shule. Nilikuwa nimemhifadhia maboksi manane.

Vitabu vya kiada vichambue kabla hujavipeleka shuleni, kwa kuwa mtaala mpya ulianza kuingia kwa awamu mwaka 2024, na kitabu cha zamani kinaweza kuwa mzigo kwa mwalimu. Kamusi, atlasi na vitabu vya hadithi hupokelewa siku zote. Madaftari chagua moja la kila mtoto, lile la darasa la kwanza lenye herufi kubwa zilizopinda. Mengine acha yaende.

Vya marehemu viende taratibu, na usivifanye peke yako. Kabla ya yote ujue sheria: kitu cha marehemu kilicho mali, kama gari, pikipiki, mashine, mifugo, au hata salio kwenye laini ya simu, kimo ndani ya mirathi. Kama mahakama haijamteua msimamizi, usikiuze wala kukigawa kwa sababu tu unahama. Utafungua mlango wa kesi na wakwe, hata kama nia yako ilikuwa safi. Fuatilieni mirathi kwanza. Familia nyingi huanzia kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo.

Kwa vitu vya mwilini na vya moyoni, mila zinatofautiana, na yako ndiyo ya kufuata. Sisi tulikaa Jumamosi moja, mimi, shemeji zangu na watoto. Koti mbili walichukua wadogo zake, viatu alipewa aliyevaa namba moja naye, saa akapewa mjukuu mwenye jina lake. Mimi nilibakiza kofia, miwani na redio. Vinakaa kwenye sanduku moja dogo la bati, na nililipima sanduku kabla ya kuvichagua vitu. Hilo ndilo ninalokusihi: amua ukubwa wa sanduku kwanza, kisha chagua vya kuingia humo. Ukianza kwa kushika kitu kimoja kimoja na kuuliza moyo, moyo utasema bakiza, kila mara.

Picha za albamu zipige kwa simu yenye kamera nzuri, mchana, karibu na dirisha, bila mwako wa taa. Watumie watoto nakala, na uhifadhi nakala nyingine kwenye flashi. Kanda za video za harusi zipeleke studio zihamishwe mapema; joto na unyevu wa pwani hujaza ukungu ndani ya kanda, na ikishaganda haisomeki.

Karatasi

Toa karatasi zote mahali pamoja na uzichambue kwa siku moja. Hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, vyeti vya shule, kadi ya gari, bima, vitambulisho, stakabadhi za kodi ya ardhi: hivi viingie kwenye mkoba mmoja usiopitisha maji, na mkoba huo usipande kwenye gari la mizigo. Uubebe wewe. Mstaafu, tunza barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa cheo, maana mafao yana maswali. Mwenye biashara anatakiwa kutunza kumbukumbu za kodi kwa miaka 5. Stakabadhi za duka, kadi za mwaliko, na maelekezo ya pasi iliyokufa zamani ziondoke.

Lakini usiwape wauza maandazi na karanga karatasi zenye namba ya akaunti, ya kitambulisho au ya simu yako. Zichome. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya mshahara wa mtu, jina na namba ya akaunti vikisomeka vizuri.

Kuuza na kugawa

Anza wiki sita kabla. Mnunuzi akijua unahama keshokutwa, bei anapanga yeye. Ukiweka picha mtandaoni au kwenye makundi ya simu, andika kipimo, aina ya mbao na hali ya kitu, usiandike tarehe ya kuhama wala mtaa kamili. Wezi nao wanasoma. Vya kuonyesha vitoe barazani, usiingize wageni hadi chumbani, na usiwe peke yako. Friji na tivii viwashwe mbele ya mnunuzi. Akisema ametuma pesa kwa simu, usitazame ujumbe anaokuonyesha yeye. Angalia salio lako mwenyewe, ndipo kitu kitoke getini. Ukimtumia dalali, elewaneni fungu lake kabla hajaleta mtu.

Mninga na mkongo vina soko hata vikiwa vimekwaruzika, na fundi seremala atanunua kwa ajili ya mbao. Makabati ya MDF ni tofauti. Ukishayafungua na kuyafunga tena skrubu hazishiki vizuri, na yakilowa yanavimba. Yauze yakiwa yamesimama, tena kwa jirani, au uyaache. Vilivyokufa, kama feni, pasi na mabati, vitachukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu kwa kilo, simamia mizani. Friji iliyokufa muulize kwanza fundi friji, kwani mota ikiwa nzima anaitaka.

Kuna wachuuzi wanaopita mitaani wakibadilisha nguo kuukuu kwa mabeseni na ndoo. Wiki hizi wapishe. Unatoa nguo kumi na kuingiza mabeseni matatu, na beseni ndilo halikunjiki.

Katika kugawa, uliza kabla ya kutoa. Tuna mazoea ya kusema "peleka kijijini" kwa kila kisichotakiwa mjini, halafu tunalipa mzigo wa basi kuwapelekea wazazi kochi lililobonyea ambalo hawakuliomba na hawana pa kuliweka. Piga simu, taja kitu, sema ukweli wa hali yake. Vivyo hivyo kwa kituo cha kulelea watoto: muulize msimamizi wanahitaji nini wiki hii. Dada aliyekusaidia kazi za nyumbani mpe kitu kizima, cha kumsaidia kuanza maisha, jiko la gesi au godoro zuri, siyo mabaki.

Na tafadhali, usihifadhi kwa watu. "Nitaacha kwa mdogo wangu kwa muda" ni sentensi niliyoisema mwenyewe. Magodoro mawili na kapeti la sebule vilikaa kwake Mbagala zaidi ya mwaka. Panya walitengeneza kiota, na yeye alikosa chumba cha kumpangisha mtu. Hatukugombana, ila kodi ya mwaka mzima aliikosa kwa ajili ya vitu ambavyo hatimaye tulivichoma.

Wiki ya mwisho

Kula kilichopo. Unga, mchele na maharage vinavyokaribia kuingia wadudu vipikwe. Kagua mishono ya magodoro na nyufa za vitanda kwa kunguni. Ukiwakuta, shughulika nao huku kabla ya kuhama, na nguo na mashuka yanayostahimili yafuliwe kwa maji ya moto wa nyuzi 60. Maboksi ya dukani yafunue na kuyakung'uta, kwani mende hupenda kutaga humo. Nguo zinakaa vizuri zaidi kwenye viroba na kwenye mifuko mbadala ambayo imejaa kila nyumba tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019. Vyombo vya udongo vifunge kwa khanga na mashuka, umeokoa karatasi na nafasi.

Friji iyeyushe barafu siku moja kabla na uisafirishe ikiwa imesimama. Ikilazimika kulazwa, ikifika iache wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Mtungi wa gesi ufungwe vali, uvuliwe mpira, usimame. Usinunue umeme mwingi siku za mwisho, kwa sababu yuniti za LUKU hubaki kwenye mita ya nyumba unayoihama. Lipa bili ya maji, upige picha mita zote mbili, mkabidhiane funguo na mwenye nyumba kwa maandishi.

Gari lichague kwa mzigo uliobaki. Kama umefanya kazi yako, kirikuu safari mbili zitatosha mahali ulipodhani ni Canter. Kitanda na makabati yafunguliwe na fundi siku iliyotangulia, skrubu za kila kitu zikae kwenye mfuko wake wenye jina. Gari la kwanza libebe vitanda, magodoro, vyandarua, jiko, ndoo moja na sufuria mbili, ili usiku ule wa kwanza watu wale na walale hata kama mengine hayajafunguliwa.

Wiki sita si nyingi, na Jumamosi zake huliwa na harusi na misiba. Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Leo jioni, baada ya kula, mwite mmoja wa nyumbani mwingie chumbani, muiname uvunguni mwa kitanda, mvute sanduku la kwanza mtakalokutana nalo, mlifungue, na muulizane vilivyomo ni vya nani.